Watoto Wawili Kwenye Faili

Nikisikia mtu akisema watoto wa siku hizi wana bahati, wanaanza chuo kikuu wangali sekondari, damu hunichemka. Mimi nilianza. Mwaka 2016, nikiwa darasa la kumi na mbili katika shule moja ya serikali mashariki mwa Johannesburg, nilichaguliwa pamoja na wenzangu wachache kusoma hisabati ya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha mjini, kila Jumamosi. Ukifaulu mtihani wa mwisho unapewa krediti, yaani somo hilo linahesabiwa umeshalimaliza, na ukijiunga na chuo ndani ya miaka mitatu hulirudii. Mwalimu mkuu alitusimamisha mbele ya shule nzima tukapigiwa makofi. Ninayachukia makofi yale mpaka leo.

Nyumbani kwetu Bertrams, baba aliipokea habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa. Baba ni fundi cherehani, lakini kule Bukavu alisoma chuo miaka miwili, hisabati hiyohiyo, kabla vita havijamtoa. Kuanzia wiki ile aliyakata mashati ya wateja juu ya kitanda ili meza ibaki yangu. Mama alilalamika kwamba vipande vya uzi vinamwasha mwili mzima, baba akajitia hamnazo. Nikikwama kwenye swali alikuja kusimama nyuma yangu, vidole vimejaa chaki ya ushonaji, akanionyesha njia aliyofundishwa kwa Kifaransa. Mara nyingi ilikuwa fupi kuliko ya mhadhiri.

Lakini nilikuwa na kazi nyingine pale nyumbani, na hiyo sikuchaguliwa na mtu kwa alama. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa familia. Wadogo zangu wawili walizaliwa huku. Kiswahili walikielewa, ila kukisema walikataa. Kwa hiyo kliniki, shuleni, kwa mwenye nyumba, kwa polisi, mimi. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Niliwahi kumweleza mama ugonjwa wake mwenyewe, daktari akinitazama mimi badala ya yeye. Baba alisema Kiingereza kimemkataa, ametangulia kuzeeka, na mimi nilimwamini.

Sote watano tulikuwa kwenye faili moja la ukimbizi. Kibali kiliisha kila miezi sita, na siku ya kukihuisha ilikuwa lazima watu wote wa faili wafike wenyewe, hata mtoto wa mgongoni. Ofisi ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa teksi, na kila taifa lilipangiwa siku yake. Siku yetu Wakongo ilikuwa Jumanne. Mwaka ule kibali chetu kiliangukia kuisha Jumanne ileile ya mtihani wangu, uliopangwa saa tisa alasiri.

Nilikwenda kwa mwanamke aliyesimamia programu ya chuo nikamwomba nifanye siku nyingine. Alikuwa ametuita vichwa vya kesho, akitutajia majina yetu bila kukosea. Akaniambia wanaosamehewa ni wagonjwa na waliofiwa. Nikamuuliza, na aliyeitwa kwenye ofisi ya wakimbizi? Akasema kwa upole kwamba hilo ni jambo la binafsi. Upole ule ndio unaoniuma. Angenifokea ningemsahau.

Tukakata shauri kwenda mapema, nimalize, nikimbie. Tulifika kumekucha, foleni imeshazunguka uzio. Saa tano tukaingia ndani. Saa sita akapita mlinzi akitangaza kwamba kila aliyetimiza miaka kumi na sita na hajachukuliwa alama za vidole aende chumba cha nne, na kwamba mashine ya chumba cha nne imekufa tangu asubuhi. Faili lenye mtu wa namna hiyo halitaguswa mpaka mashine ipone. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna aliyewahi kunichukua alama hizo. Faili zima la watu watano lilikuwa linasubiri vidole vyangu.

Nikatafsiri. Baba akauliza, isipopona leo? Nikamuuliza mlinzi, nikatafsiri jibu: mrudi Jumanne ijayo. Maana ya jibu hilo baba hakuhitaji kutafsiriwa. Kibali kikishapita siku yake, unaweza kukamatwa kwenye roboti yoyote, yaani taa za barabarani, ukisubiri kuvuka. Fundi mwenzake baba alikuwa amekamatwa hivyo.

Nikatazama saa ya ukutani. Baba akanitazama nikitazama saa. Kisha akaitoa karatasi yangu kwenye bahasha ya familia, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Sikuelewa. Nilidhani anaitunza.

Zamu yetu ilifika saa saba na nusu. Karani alikuwa nyuma ya kioo kilichokwaruzwa na hakuinua uso. Alizihesabu karatasi.

"Faili lina watu watano," akasema kwa Kiingereza. "Hapa kuna wanne. Wa tano yuko wapi?"

Nikamgeukia baba, nikingoja aitoe ile ya mfukoni. Alikuwa anatazama kaunta.

"Umwambie niko na watoto wawili," akasema. "Ule wa kwanza alirudiaka Kongo, kwa nyanya yake."

"Papa."

"Umwambie."

Mama aliukamata mkono wa mdogo wangu wa mwisho, akaubana mpaka mtoto akalia. Karani akagonga kalamu. Nikatazama saa tena, na ndipo nikafungua mdomo. Nikasema: anasema ana watoto wawili, yule mkubwa alirudi Kongo. Kiingereza changu kilitoka kisafi, kile cha Jumamosi.

"Atarudi?" karani akauliza.

"Hapana," nikajibu. Hilo sikumuuliza baba. Nilijibu mwenyewe, kwa sababu jibu lolote jingine lingechukua muda.

"Na wewe nani?"

"Mkalimani."

Akabonyeza kitufe kimoja.

Baba alinisindikiza hadi mlangoni, akanipa nauli. "Kimbia," akasema. "Usiogope. Mwezi yenye inakuya tutakurudisha. Ni karani tu, ataandika tena." Maskini, alidhani bado yuko Bukavu, ambako karani ana kalamu na daftari, na aliyekatwa jana leo anaweza kuandikwa juu ya mstari. Hakujua kompyuta ya serikali ni kitu gani. Mimi nilijua, nilikuwa naisoma dunia hiyo kwa Kiingereza kila siku, na nikakimbia.

Nilifika chuo dakika ishirini baada ya mtihani kuanza. Msimamizi aliniruhusu. Swali la mwisho nililifanya kwa njia ya Kifaransa, ile fupi, vinginevyo nisingemaliza. Nilipata themanini na nne. Cheti kilikuja na muhuri wa dhahabu.

Januari nilipokwenda kujiandikisha chuoni walitaka kibali hai. Nikaenda ofisi ya wakimbizi peke yangu. Karani mwingine akasoma kwenye kompyuta kwamba nimeondoka nchini. Akataka kujua nimerudije, muhuri wa mpakani uko wapi. Nikamweleza ukweli wote. "Kwa hiyo mlidanganya," akasema, akafurahi kama mtu aliyepata sarafu sakafuni. Akanifungulia maombi mapya, ya mtu aliyefika jana, na maombi hayo yakalala. Nilirudi pale mpaka walinzi wakawa wananisalimia kwa Kiswahili. Katikati ya hayo, chuo kilekile kilichonikatalia mlangoni kikaniandikia barua niende kuwatia moyo wanafunzi wapya wa Jumamosi, niwe mfano kwao. Niliichana barua ile vipande vidogo kabisa.

Hasira iliyobaki nilimpa baba. Kwa mwaka mzima nilimsemea kwa watu, lakini sikusema naye. Siku moja nilimwambia mbele ya mama: ulinifuta kwa somo moja la hisabati ambalo hata wewe hukulimaliza. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, na mshono ukaenda kombo, nikauona, nikafurahi.

Miaka mitatu ikaisha 2019. Krediti yangu ilikufa bila hata ujumbe wa simu. Siku hizo nilikuwa nafundisha watoto wa wenye maduka kule mtaa wa Mayfair, mjini humohumo, hisabati ileile, sebuleni kwao.

Cheti baba alikitia fremu akakitundika juu ya cherehani. Mwaka huohuo akaja mteja, mlinzi wa benki, kupunguziwa suruali. Akakiona, akauliza kwa Kiingereza ni cha nani.

"Umwambie," baba akaniambia bila kugeuka.

"Mwambie mwenyewe. Mkalimani amechoka."

Nilitaka aone haya mbele ya mtu. Cherehani ikanyamaza. Baba akageuka kwenye kiti, akamtazama mteja usoni, akasema polepole, bila kosa hata moja: "My child. My first child. She is very clever in mathematics."

"Sharp, baba," mteja akasema, neno lao la kusema safi, akavua viatu kupimwa.

Nilisimama pale na futi ya kupimia shingoni. Kusema "nina watoto wawili" kwa Kiingereza ni rahisi kuliko hayo aliyoyasema. Kiingereza cha kutosha alikuwa nacho hata Jumanne ile dirishani. Neno lenyewe ndilo lililomshinda kulitoa kinywani, akanipa mimi nimsaidie, na mimi nililisema bila kukwama.