Magogo ya Kampuni

Mwaija binti Kibwana alirithi minazi kwa baba yake, upande wa juu wa njia iendayo Mapinga, na mume aliyempata alikuwa mkwezi. Watu walisema ndoa ile imekaa vizuri, mke ana minazi na mume ana miguu. Mrisho alikwea minazi ya karibu kila nyumba pale kijijini, na malipo yake yalikuwa nazi. Mwaija alizipasua, akazianika juani mpaka zikawa mbata, kisha Bwana Majid, mwenye ghala Bagamoyo mjini, akaja na punda wake kuzichukua. Kijiji kizima kiliishi hivyo. Nguo zilitoka kwenye mbata, na chumvi, na mafuta ya taa, na mahari.

Kampuni ilikuja miaka michache baada ya Mwingereza kushika nchi. Ilitaka kupanda mkonge. Msitu wa nyuma ya kijiji ilipewa na serikali, na minazi ikawa inainunua kwa wenyewe, shamba baada ya shamba. Bei ya mbata ilikuwa imeanguka mwaka ule, kwa hiyo wengi waliuza. Mwaija hakuuza. Hakuwa na hoja kubwa. Alipoulizwa alisema tu, "Nikiuza, asubuhi nitaamkia nini?"

Siku moja Mrisho alirudi nyumbani akakaa kizingitini bila kuvua kofia.

"Kampuni inatafuta watu wa kuangusha minazi waliyoinunua," alisema. "Wale vijana wa bara wanakata hovyo, juzi mmoja umeangukia paa la watu. Wanataka mtu anayeijua."

"Na wewe umekubali?"

"Mama Fatu, minazi hii ikiisha nitakwea nini?"

Fatu, binti yao, alikuwa amelala kwenye jamvi. Mwaija alimfunika vizuri, akaenda kuchochea moto.

Mrisho akaanza kazi kwenye shamba la Mzee Mwinjuma, jirani yao aliyekuwa ameuza. Kule ndiko alikojifunzia kukwea alipokuwa kijana, na mnazi wa kwanza kuangushwa ulikuwa ule ule aliojifunzia. Jioni alikula, akasema umeanguka upande alioutaka, akalala. Aliendelea hivyo mpaka upande wote ule ukawa mweupe, unaona bahari kutoka mlangoni.

Magogo yalipaswa kuchomwa. Lakini mvua za masika ziliwahi, na Kampuni ilikuwa na haraka ya kupanda, basi mkonge ukapandwa katikati ya magogo yaliyolala, nayo yakaanza kuoza.

Baada ya muda Mwaija aliona kuti jipya kwenye mnazi wake mmoja limetoka likiwa limekatwa pembeni, kama limepitiwa na mkasi. Mrisho alipanda na kipande cha waya uliopindwa ncha, akachokoa kileleni, akashuka na mdudu mweusi mwenye pembe, anayejaza kiganja. Alikuwa chonga. Mdudu huyu hutoboa moyo wa mnazi, na moyo ukioza mti umekwisha.

"Wamekuwapo siku zote," Mrisho alisema, "lakini si wengi namna hii."

Alichukua panga, akavuka mpaka kuingia upande wa Kampuni, akapasua gogo la karibu. Ndani lilikuwa limejaa mabuu manene, meupe, yamejikunja. Chonga hutaga kwenye minazi iliyooza. Mume na mke walisimama wakayatazama. Gogo lile lilikatwa na Mrisho, na wote wawili walijua.

Kesho yake Mwaija alikwenda kwa nyapara wa shamba, mtu mmoja aitwaye Abdala.

"Naomba ruhusa niyachome magogo yaliyo karibu na minazi yangu," alimwambia.

"Magogo yako ndani ya mpaka wa Kampuni, mama. Moto ukishika mkonge, mimi nafungwa na wewe unafungwa."

"Basi yachomeni nyinyi."

"Nitamwambia bwana mkubwa."

Pengine alimwambia, pengine hakumwambia. Hakuna aliyekuja. Mrisho alipanda kila alipopata nafasi, akachokoa, akaua, na chonga wengine wakaja. Minazi ikaanza kufa. Makuti yalilegea, kilele kikaanguka, shina likabaki limesimama peke yake kama nguzo. Mwaija alidhani atalia. Alisubiri kilio kije. Jirani alipokuja kumwambia kuwa na ule wa mwisho umekatika kichwa, alikuwa anafua. Alisema, "Haya," akaisuuza kanga aliyoishika, akaikamua, akaianika.

Mwaka ule Bwana Majid alipita bila punda.

"Mbata hakuna tena, binti Kibwana," alisema. "Ghala nimelifunga. Nafungua duka kule kambini kwa Kampuni. Wanunuzi wote wako kule sasa."

Alisema kweli. Mtaa wa maghala pale Bagamoyo ulibaki na milango mingi iliyofungwa, lakini njia ya kwenda Dar es Salaam ilipanuliwa kwa ajili ya malori ya katani, na kila mwenye cha kuuza alisogea barabarani. Wavuvi walipeleka samaki kambini badala ya mjini. Walikuja Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, watu wa mikataba, wakajengewa mabanda marefu. Siku ya mshahara palikuwa na ngoma za nchi nzima. Dukani kwa Bwana Majid ziliuzwa nazi kutoka Mafia, na Mwaija alizinunua kama watu wengine.

Yeye mwenyewe alipata kazi ya kuanika katani. Kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti kilipigwa alfajiri kama kengele, na wanawake wakaenda kutandaza nyuzi mbichi juu ya waya, safu kwa safu, mpaka uwanja wote ukawa kama umefunikwa na nywele za wazee. Maji ya mkonge yaliwasha. Mwanzoni mikono ya Mwaija ilivimba ikapasuka. Baadaye ngozi ikawa ngumu na haikuhisi tena. Siku moja, wakati wa chakula, aliipua sufuria motoni kwa mikono mitupu.

Mwenzake, Dija, alishtuka. "Mama Fatu! Huungui?"

Mwaija aliitazama mikono yake. "Sijui," alisema.

Mrisho alipelekwa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Kelele zake zilimla masikio polepole. Mwaija akisema neno nyumbani, yeye aliitikia kwa kichwa bila kujua ameambiwa nini. Mwisho Mwaija aliacha kusema. Walikula pamoja, wakalala.

Ijumaa moja, wametoka kula, Mrisho aliuliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Unanilaumu kwa ile minazi?"

Mwaija aliitafuta hasira moyoni. Hakuipata. Akatikisa kichwa.

"Afadhali ungenilaumu," alisema Mrisho.

Alifariki miaka ile ya vita vya Korea, bei ya katani ilipopanda kuliko wakati wowote. Kampuni ilikuwa imeleta korona mpya na kujenga zahanati na shule. Watu walisema Kampuni imeleta neema, na hawakusema uongo. Ilitoa sanda, na lori la kumpeleka makaburini. Mwaija akakaa eda, akaimaliza, akarudi kwenye waya zake.

Haukupita muda, karani wa Kampuni akaja kumwuliza kama sasa atauza kile kiwanja chenye nguzo za minazi mikavu. Alisema atauza. Hakubishania bei. Akahamia chumba cha kambini, karibu na Dija.

Fatu, aliyekuwa ameolewa Dar es Salaam na utingo wa lori la katani, alipata habari akaja mbio.

"Mama, umeuza shamba la babu? Kwa nini hukuniambia?"

"Palikuwa pamekwisha zamani."

Fatu alikaa chini pale mlangoni akalia kwa sauti, mpaka majirani wakachungulia. Mwaija aliketi kando yake, akamwekea mkono begani, akangoja amalize.