Dada wa Hotelini Soweto

Jina lake sikulijua. Ni dada aliyekuwa anahudumu kwenye hoteli moja ya chakula pale Soweto, Mbeya, ambako wanangu walinipeleka kula Pasaka yote, eti nisikae nyumbani Rujewa natazama jiko la mama yao. Mke wangu tulimzika mwezi wa pili. Yule dada anafuta meza kwa kitambaa, halafu anarudia kwa kiganja, kama vile haamini kitambaa. Akiita jikoni, "Wali nyama wawiliii!", sauti inapanda. Akifika kwa mzee inashuka, na goti linakunjwa. Mwanangu Nyanda akamtania, "Dada, mbona sisi hutupigii goti?" Akajibu, "Zeeka kwanza, kaka."

Jumatatu mchana nilikula wali, nyama nikaisogeza pembeni ya sahani. Miaka yote nilikuwa namwachia mke wangu, maana mpishi anakula mwisho. Mkono umeshazoea. Dada alipokuja kutoa vyombo akaona, akauliza polepole, "Kuna mtu anakuja, baba?" Nikamwambia, "Hawezi kuja tena." Akachukua sahani zote, yangu akaiacha. Mwenye hoteli akafoka, "Toa na hiyo, watu wanasubiri meza!" Hakuitoa. Alisimama tu pale, mikono nyuma. Basi bosi akaja mwenyewe, akaikung'uta nyama kwenye ndoo ya makombo, akamwambia avue aproni aende kwao. Wanangu walikuwa wanabishana jioni tukale wapi.