Mteja wa Siri

Niliwahi kulinda mlango wa ofisi moja ya serikali ya shirikisho hapa Dubai, na nilielewa inavyoendeshwa kabla hata sijajua choo kiko wapi. Juu kabisa alikaa mkurugenzi, mwenyeji wa hapa. Chini yake walikuwepo makarani wa mkataba kutoka kila pembe ya dunia. Chini kabisa tulikuwa sisi Wakenya wa kampuni ya ulinzi, tukimwita kila mtu "sir", hata aliyekuja kuuza kalamu.

Lakini aliyeitawala ile ofisi hakuwa mkurugenzi. Alikuwa mteja wa siri. Wizara humtuma mtu ajifanye mteja wa kawaida, aone anavyohudumiwa, kisha akawachongee makarani kwa wakubwa. Kwa hiyo sura yoyote ngeni iliogopwa kama ugonjwa. Dada mmoja Mganda, mfanyakazi wa ndani, alisimama tu akiitazama saa ya ukutani, na papo hapo akaletewa kahawa na tende. Shida yake iliisha, khalas, kabla kahawa haijapoa.

Siku yangu ya mapumziko nilitoka mtaani kwangu Karama kwenda palepale kurekebisha kitambulisho changu. Niliingia kifua mbele. Kwetu Kenya ukijuana na watu wa ofisi, mambo yako yananyooka. Na hawa nilikuwa nikiwafungulia mlango kila asubuhi.

Karani aliinua macho, akaniona, akashusha pumzi.

"Ah, kumbe ni wewe tu," akasema, akaenda zake kunywa chai.