Bomba la Kenjebai

Kenjebai alikuwa mchochea moto. Miezi saba ya baridi alitia makaa kwenye tanuri la kupashia joto shule pale Kochkor, mji wa Wakirgizi milimani, na mitano iliyobaki aliwakatia watu majani ya farasi wao. Hakuwa na makuu. Umri miaka hamsini na mbili, mke mmoja, Burul, watoto wameshajitegemea, na gari moja la Kijerumani lenye miaka thelathini na nne, ambalo zamani lilikuwa la kijani. Mtu kama huyo ana haki ya kuringa hata mara moja maishani, utasema. Na mimi nasema hivyo hivyo, halafu nikikumbuka mara yenyewe aliyoichagua, hasira zinanipanda.

Mambo yalianza siku ya Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya, mwezi wa tatu. Yeye na Burul walipanda bondeni hadi kijijini kwa wakwe, ng'ambo ya daraja la mbao. Gari lilivuka daraja kwa kwikwi na kikohozi chake cha siku zote, na lilipofika langoni bomba la moshi likakatika, likaanguka chini. Basi Saikal, mdogo wake Burul, hakulaza damu. Alilichukua lile bomba, akalisuuza, akalifunga kilemba cha maua, akaja kuliweka kwenye kitambaa cha chakula mbele ya watu wote, kati ya maandazi na sinia la nyama.

"Shemeji, mtoto umemsahau langoni," alisema. "Mimi nimeshamwogesha. Anaitwa nani?"

"Anaitwa Kikohozi," akadakia Nurdin, mumewe Saikal, ambaye alikuwa na gari kubwa la kifahari na hakuchoka kulitaja. "Kafanana na babake, tazama pua!"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kule mkwe ni wa kutaniwa, hata akizeeka; akinuna ndiyo ameharibu kabisa. Kwa hiyo Kenjebai naye alicheka, akalipakata lile bomba kama mtoto, akalibembeleza. Lakini masikio yalimwaka moto. Miaka ishirini na saba tangu aoe pale, na bado alikuwa ndiye yule wa gari bovu.

Baba mkwe wake, mzee Osmonali, naye alicheka, tusimtakase. Kisha akalisogeza bomba pembeni, akakata kinofu cha nyama ya mkia wa kondoo, akamlisha mkwewe kwa mkono wake mwenyewe.

"Kenjebai, barabara ya ziwani ikifunguka utanipeleka Song-Kul," alisema. "Nataka kuwaona farasi wangu malishoni."

"Baba, gari langu si lipo hapa?" Nurdin akauliza. "Saa mbili tu umefika."

"Lako linakimbia utadhani limeiba. Huyu nikimwambia simama nikojoe, anasimama."

Wakacheka tena, ila safari hii wachache. Daktari alikuwa ameshasema moyo wa mzee umechoka, na kila aliyekaa pale alijua kwamba akienda malishoni mwaka ule, ndiyo atakuwa ameaga. Na mtu wa kumpeleka mzee akaage, jamani, hachaguliwi ovyo. Kenjebai alirudi nyumbani akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kifuani.

Theluji ya mlimani ikayeyuka, mwishoni mwa mwezi wa tano barabara ikafunguliwa. Kenjebai akalipeleka gari kwa fundi Talai, mwenye gereji nyuma ya soko la mifugo. Talai alilipandisha kwenye jeki, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu akiguna.

"Shokapu zote nne zimekufa," alisema alipotoka. "Bushi zimebaki jina. Pedi za breki, usiniulize. Kaka, ulikuwa unaendesha gari au unasali?"

"Vyote viwili. Nataka barabara ya ziwani isimguse mzee. Akiwa na bakuli la chai mkononi, lisimwagike."

"Nipe siku tano."

Na kweli, siku ya tano Talai alikuwa amemaliza. Shokapu mpya, bushi mpya, pedi, mkanda wa injini, beringi ya gurudumu la mbele. Walizunguka soko mara mbili na gari likapita kwenye mashimo kwa adabu, halitikisiki. Hata lile bomba la zamani Talai alikuwa amelichomea bati, akalifunga vizuri mahali pake.

"Hili litakusukuma mwaka mzima," alisema. "Haliko zuri, lakini liko imara."

Hapo ndipo Kenjebai angechukua ufunguo, amfuate mzee, wapande ziwani. Siku ile ile! Jua lilikuwa linawaka, majani malishoni yamefika magotini, maziwa ya farasi yameanza kukamuliwa. Badala yake alisimama pale gereji, kwa sababu kijana mmoja aliingia na gari kuukuu kama lake, kuukuu vile vile, na likanguruma kwa sauti nzito, ya chini, ya kushiba. Kuku wa jirani wakaruka.

"Hiyo nini?" Kenjebai akauliza.

"Bomba la chuma kisichoshika kutu, pana, halina sailensa ya katikati," alisema Talai. "Linatoka mji mkuu, Bishkek. Mtu akilisikia anajua anakuja mwanamume."

Palepale akawaona wakwe zake akilini. Alimwona Saikal anatoka nje mbio akiwa na unga mikononi, akisema ni nani huyo. Alimwona Nurdin ananyamaza. Alisikia bonde zima linasikia kwamba Kenjebai anakuja kumchukua baba mkwe.

"Linachukua siku ngapi kufika?"

"Wiki. Siku kumi hivi. Lakini mzee si anakusubiri?"

"Amesubiri tangu Nooruz, siku kumi ni nini?"

Ningekuwa pale ningemkamata shati. Lakini sikuwapo, na Talai alikuwa mfanyabiashara, akapiga simu Bishkek.

Siku ya tatu mzee Osmonali alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatoka na kurudi.

"Mkwe, gari tayari?"

"Karibu, baba. Shokapu zimeshafungwa, bushi, breki. Utalala usingizi njiani."

"Sasa unangoja nini?"

"Kuna kipande hakijafika."

"Kipande gani?"

"Cha chini huko, baba. Fundi anakijua."

"Haya. Usimharakishe fundi, atakuharibia. Mimi buti zangu ziko mlangoni."

Alipoweka simu, Burul alikuwa amesimama na kikapu cha viazi, anamtazama.

"Gari si liko tayari?" aliuliza.

"Bado."

"Jana nimeona umekwenda nalo kuchukua unga."

"Mama watoto, mambo ya gari niachie mimi."

Burul akamwachia. Ndiyo kosa lake pekee, na bado analilia.

Bomba lilifika Alhamisi, siku ya kumi na moja. Talai alilifunga asubuhi, na Kenjebai akatoka gereji akipita katikati ya mji, polepole kuliko ilivyohitajika, ili watu wafaidi. Walifaidi. Mwalimu mkuu wa shule alitoa kichwa dirishani. Mama mmoja muuza jibini alimtukana, na Kenjebai, huyu huyu mtu mpole, alifurahi kutukanwa. Alipofika nyumbani simu ilikuwa inaita. Alikuwa Nurdin.

"Mwanyumba," alisema Nurdin, na hakutania. "Mzee katutoka. Alfajiri. Mlete Burul."

Sitaki kueleza njia ile. Burul alilia tangu Kochkor, na bomba likanguruma juu ya kilio chake, mpaka akampiga mumewe begani kwa ngumi.

"Zima hiyo kelele! Zima, nakuambia!"

"Haizimiki," Kenjebai alisema. "Burul, haizimiki."

Sasa, kwa Wakirgizi mwanamume haendi msibani kimya kimya, wala haendi anavyotaka. Anashuka mbali, anakwenda kwa miguu, na akikaribia anapaza sauti: Baba yangu wee! Baba yangu mpenzi! Nao wana na ndugu waliosimama nje ya hema la msiba, wameegemea fimbo zao, wanamjibu kwa kilio hicho hicho, mpaka sauti zinakutana, wanakumbatiana. Ndani wake zao na mjane wamekaa karibu na maiti, wanaimba maombolezo, maisha yote ya marehemu kuanzia utoto. Mtu anasindikizwa kwa sauti za watu wake. Kenjebai alijua haya tangu hajaota ndevu. Alipaswa kusimama darajani. Lakini Burul alikuwa analilia kufika kwa mama yake, na kichwa chake yeye kilikuwa kimejaa moshi, akavuka daraja na kupanda moja kwa moja mpaka langoni.

Lile bomba lilifanya lote lililosifiwa. Farasi wa wageni wakakata kamba. Maombolezo ndani ya hema yakakatika katikati ya mstari. Wanaume kwenye fimbo wakanyamaza, wakageuka wote, na wazee wawili wakauliza kwa sauti ni mhuni gani huyu asiye na wazazi. Nurdin alikuja mbio akipunga mikono. "Zima! Zima, mwanyumba, kwa jina la Mungu!"

Akazima. Akashuka, na sasa ilikuwa zamu yake, watu mia wanamngoja apaze sauti. Alifungua mdomo. Alivuta pumzi. Haikutoka kitu, hata kikohozi. Alitembea hatua zote zile kutoka langoni hadi kwenye hema mdomo wazi, bubu, uso umemvimba kwa aibu, na alipofika Nurdin akamkumbatia na kulia kwa niaba yake, ili watu wasitazame zaidi.

Siku tatu alifanya kazi za mkwe bila kuinua macho. Alichinja, alichota maji, alipasua kuni, alichimba kaburi zamu mbili. Hakuna aliyemtania. Mkwe asiyetaniwa kule, ujue amekwisha. Siku ya mazishi mzee alipelekwa makaburini kwa gari la Nurdin, likienda taratibu kuliko lilivyowahi kwenda, na Kenjebai alitembea nyuma kwa miguu.

Jioni wageni walipopungua, mama mkwe wake, bi Zuura, alimwita kando ya zizi. Mkononi alikuwa ameshika buti za ngozi, zimepakwa mafuta zinang'aa.

"Zichukue," alisema. "Alikuwa anazivaa kila asubuhi, tangu ulipomwambia shokapu zimeshafungwa. Anazivaa, anakaa kwenye benchi, anatazama darajani. Jioni anazivua. Nikamwambia, mzee, utachubuka vidole. Akasema mkwe akija sitaki kumchelewesha."

Kenjebai hakuzipokea.

"Mafundi wamekutesa, mwanangu," bi Zuura aliendelea. "Siku zote hizo kwa kipande kimoja! Kilikuwa kitu gani hicho?"

Angeweza kusema beringi. Angesema breki, na bi Zuura angemwombea dua, na habari ingeishia hapo. Sijui kwa nini hakusema. Pengine ndiyo kitu pekee cha maana alichofanya mwaka ule.

"Bomba, mama," alisema. "La sauti. Gari lilikuwa tayari. Nilitaka msikie nikija."

Bi Zuura alizipangusa zile buti kwa kiganja. Hakupandisha sauti, na bora angepandisha.

"Sisi tulikuwa tunakusikia," alisema. "Miaka yote. Ile kwikwi ikifika darajani, mzee anasema weka chai, Kenjebai huyo. Hakukosea hata siku moja." Akafuta pua kwa ncha ya kilemba. "Alhamisi nilikuwa ndani nimekaa naye. Nikasikia ngurumo. Nikamwambia, Osmonali, lala tu, huyo si wetu."

Akamwekea zile buti mikononi, akarudi ndani.

Kenjebai hakuthubutu kuwasha gari pale. Aliweka gia huru, akaanza kulisukuma peke yake kuelekea mteremkoni, jasho linamtoka, Burul akitembea pembeni hamsemeshi. Baada ya hatua kadhaa gari likawa jepesi. Aligeuka akamwona Nurdin ameweka bega nyuma, suti yake ya msiba imeshaingia vumbi. Walilisukuma pamoja mpaka darajani.

Kesho yake Kenjebai alikwenda gereji kutaka bomba lake la zamani. Talai akakuna kichwa.

"Lile la kiraka? Kaka, nimeshalitoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hivi sasa limeshayeyushwa."

Siku ya arobaini walichinja farasi, na watu walikuja kutoka mabonde yote. Kenjebai aliliacha gari ng'ambo ya daraja, yeye na mkewe wakapanda kwa miguu. Alikuwa amevaa buti za mzee, ambazo zilimbana vidole, akawa anachechemea. Langoni alisimama Saikal na birika la maji ya kunawisha wageni.

"Shemeji," alisema, "gari liko wapi?"

"Darajani."

Saikal akazitazama zile buti. Akafungua mdomo atafute la kumtania, akaufunga, akammiminia maji.