Mama Funguo na Ukuta Uliotoka Jasho

Marehemu shangazi yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Tangu mama yake afariki, funguo za nyumba yao kongwe hazikumtoka kiunoni, hata akienda kusali. Nyumba nyingi za zamani kando ya mto zilikuwa zimeachiwa popo na magugu. Moja ikianguka, kiwanja hakikawii kuuzwa. Ya kwao aliapa haitaanguka yeye akiwa hai.

Ndiyo maana, kabla ya ibada ya kumbukumbu ya mama, alileta fundi akaupiga ukuta wa sebuleni plasta ya saruji, watu wasije wakasema mama kaacha gofu.

Kiangazi kikaingia, lakini ukuta ukaanza kutoka jasho. Harufu ya ukungu ikashika hadi vitambaa vya wateja. Machale yakamcheza: nani anamwaga maji humu? Kaka yake, seremala, tangu mazishi hakuisha kupitapita, akigonga ukuta kwa kidole na kutega sikio. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Unapima bei, kaka?"

"Napima mapigo ya moyo. Huyu mgonjwa, dada."

"Ana muuguzi wake. Nenda kwako."

Akamwaga majivu kizingitini ili anase nyayo. Asubuhi majivu yalikuwa vilevile, ukuta umelowa zaidi. Heri angeona nyayo.

Siku moja, akirudi kutoka kusali, akasikia nyundo ndani. Kaka alikuwa ameingilia dirishani, anabandua plasta.

"Mwizi! Unabomoa nyumba ya mama mchana kweupe!"

"Njoo uguse hapa, ndipo upige yowe."

Akagusa. Nyuma ya saruji, chokaa ya zamani ilikuwa imelainika kama tope.

"Ukuta huu unakunywa maji ya mto tangu enzi za babu," kaka akasema, "na chokaa ilikuwa ikiyatoa. Saruji yako imeuziba pumzi."

Kumbe adui ambaye shangazi alimvizia kwa majivu alikuwa yeye mwenyewe.

"Na ukuta ukishapona, utaiuza nyumba?"

"Ningetaka uanguke, si ningekuacha tu?"

Shangazi akajifunga kitambaa kichwani, akashika patasi ya pili, wakabandua hadi jioni. Lakini kaka hakuondoka kabla ya kulipigilia misumari lile dirisha aliloingilia, kwa mkono wake mwenyewe, dada mtu kasimama nyuma yake, akikagua kila msumari.

Nyumba ingali imesimama. Shangazi, siku alipofariki, tulimkuta na funguo kiunoni.