Mdomo Unaofunguliwa Mnadani

Harufu ya mnada ilitufikia kabla ya kelele zake: samadi mbichi, vumbi, nyama inayochomwa. Baba alinichukua kutoka kijijini kwetu Qurus kila alipokuwa na ng'ombe wa kuuza, nami nikajua mapema mambo yanavyokwenda. Asubuhi ng'ombe husuguliwa madongo. Mnunuzi humshika taya, humfungua mdomo, husoma umri wake kwenye meno, kisha huondoka naye na hatumwoni tena.

Kwa hiyo mama aliponiandaa kwenda kwa daktari wa meno Karatu mjini, nilitilia shaka kila kitu. Alinisugua magoti kwa dodoki, akanipaka mafuta, akanivalisha gauni la Krismasi siku ambayo haikuwa Krismasi. Halafu akaleta kijiko tufanye mazoezi.

"Fungua mdomo, mama. Atatazama tu, haiumi."

"Akishatazama?"

"Basi, tunarudi."

"Sote?"

Alicheka. Lakini juma lile lile shangazi yangu wa Arusha, ambaye hakujaliwa mtoto, alikaa jikoni kwetu akisema, "Huyu nipeni mimi, wifi. Nyumba yangu imepoa mno." Siku ile pia walicheka. Nilikwisha kuona kwamba watu wazima hucheka wanapoficha jambo.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alinishika kidevu. "Ana umri gani?" Swali la mnadani. Nikabana midomo, kisha nikasema, "Siendi kwa shangazi."

Muuguzi alicheka. Mama hakucheka. Alinishusha kitini, akakaa yeye. "Nianze mimi, aone."

Daktari alimtazama kinywani, akagusa jino moja la nyuma. "Mama, hili limekuuma tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hujawahi kuja?"

"Sijawahi kukalia kiti hiki maishani."

Alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikaniuma. Nyumbani tulifundwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetueleza la kufanya mkuu anapoahidi asilolijua. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo, kwa kuwa sasa tuliogopa wawili. Jioni tulirudi sote, mama shavu limevimba.

Leo nina shahada, na mpwa wangu anaandaliwa kwa video za simu ambamo meno huimba na kucheza. Dada yangu anamwambia haiumi. Mimi nimemwambia huenda itauma kidogo, na kwamba atalala nyumbani kwao. Amenisikiliza bila kupepesa. Dada amenikasirikia, na pengine ana haki. Ila mtu akiniambia jambo fulani haliumi, bado namuuliza kwanza kama yeye lilishawahi kumpata.