Kurasa zote ziwe na ngoma

Juzi kwenye internet kafe hapa Kasulu, mwalimu mmoja alikuwa akirekebisha blogu yake ya habari za mji, huku anasoma kwa sauti maagizo aliyoiandikia kompyuta: "Kama ni ukurasa wa soko, weka picha ya wapiga ngoma. Kama ni wa michezo, weka picha ya wapiga ngoma..." Mimi niliyekaa jirani sikuelewa kitu.

"Mbona unajirudia?" mwenzake akauliza. "Agiza kurasa zote ziwe na ngoma, basi."

Akafuta yote, akaandika mstari mmoja. Wakagonganisha viganja.

Mara simu ikaita. Mwalimu akasimama, akavua kofia. "Shikamoo, baba mkwe... Hapana, baba. Hakuna anayesherehekea."

Kumbe ukurasa wa tanzia ya mama mkwe nao ulikuwa umepata picha ya wapiga ngoma.

Tangu hapo, nikimsikia mkubwa anaanza agizo na "wote", natazama kwanza nani kafiwa.